MAMA, BREKI ZA SUBARU SIYO KITI CHA MTOTO

SEHEMU YA 1: Swali la hela ya kikoba

 Leo siongelei kliniki wala uji wa lishe. Leo naongelea breki za gari. Usipite, hili ni la kwako kuliko la baba watoto.

Swali linalorudi kwenye meseji zangu ni hili: “Nesi, mume wangu kanunua Subaru. Sasa anataka kufunga breki kubwa, zile kalipa nyekundu au za dhahabu zinazoonekana ndani ya rimu. Anasema ni kwa usalama wa watoto. Hela imepungua, anataka niongezee ya kikoba. Nimpe au nisimpe?” Wengine siyo Subaru, ni Altezza, wengine Crown. Swali ni lile lile.

Jibu langu: usimpe. Na siyo kwa sababu wanaume hawana haki ya kupenda magari yao. Apende. Ila kama sababu ni watoto, basi hela hiyo inakwenda sehemu ya mwisho kabisa kwenye orodha, wakati za mwanzo zote hazijaguswa. Nitaeleza moja moja, na nitakuwa mkweli hata pale baba ana hoja.

Kwa nini nesi anaongelea breki? Kwa sababu gari likishindwa kusimama, wanaokuja kusimama mlangoni kwetu ni nyie. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani zinaua watu takriban milioni 1.19 kila mwaka, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 ndo sababu namba moja ya kifo. Inazidi malaria, inazidi UKIMWI kwa umri huo. Chandarua unaning'iniza kila usiku. Mkanda wa siti ya nyuma je?

SEHEMU YA 2: Anayesimamisha gari ni tairi

Hapa ndo siri ambayo wauza spea hawaisemi kwa sauti.

Breki inasimamisha gurudumu. Anayelisimamisha gari ni tairi, pale linaposhikana na lami. Sehemu ya tairi moja inayogusa barabara haizidi sana kiganja cha mkono wa mtu mzima. Viganja vinne hivyo ndo vinabeba gari, wewe, watoto, na ndizi zote ulizotoa kijijini.

Jaribu kuwaza umevaa ndala zilizoisha soli, umesimama kwenye sakafu yenye maji ya sabuni. Miguu yako ina nguvu hata ya kubeba ndoo mbili. Je, nguvu ya miguu itakuzuia usiteleze? Haizuii. Tatizo liko kwenye ndala.

Gari ni hivyo hivyo. Breki za kiwandani za gari lolote la kawaida, zikiwa nzima, zina nguvu ya kutosha kufunga gurudumu lisizunguke kabisa, au kuamsha ule mfumo wa ABS unaotetemesha pedeli mguuni. Ukishafika hapo, tairi limetoa ushikaji wake wote. Ukifunga kalipa kubwa mara mbili, hakuna ushikaji mwingine wa kuchukua. Kwenye kusimama mara moja kwa ghafla, yaani mtoto kakatiza barabara na wewe umekanyaga, breki kubwa haikupi cha maana ambacho breki ndogo nzima haikupi.

Sasa tuje nyumbani. Bukoba ni kati ya miji inayopata mvua nyingi Tanzania, takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Lami yetu inalowa miezi mingi. Kazi ya ile mifereji ya tairi ni kusukuma maji pembeni ili mpira uguse lami. Tairi kipara halisukumi kitu, linaelea juu ya maji. Ukiwa na kalipa za dhahabu na tairi kipara kwenye mvua ya Kashai, umepaka kucha rangi mguu uliovunjika.

Nenda kaangalie leo. Mifereji ikibaki chini ya milimita 1.6, tairi limekwisha. Na kwa mvua zetu usisubiri ifike huko. Ubavuni mwa tairi kuna maandishi DOT, na mwishoni tarakimu nne. Mfano 2316: maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Matairi mengi ya mtumba yana mifereji mizuri lakini mpira umezeeka, umekuwa mgumu kama plastiki. Yanang'aa, hayashiki.

SEHEMU YA 3: Hesabu ya mita 10

Baba akisema “breki kubwa zinafupisha”, mwonyeshe hesabu hii. Nimechukua lami kavu, matairi mazuri, dereva aliye macho anayechukua sekunde 1 kuona hatari na kukanyaga.

Akiwa kilomita 50 kwa saa: anasafiri mita 14 kabla hajakanyaga, halafu mita kama 12 za breki. Jumla mita 26.

Akiwa 80: mita 22 kabla hajakanyaga, halafu mita 31 za breki. Jumla mita 53.

Akiwa 100: mita 28, halafu mita 49. Jumla mita 77.

Umeona? Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa breki unazidi mara nne. Ndo ilivyo, hata ukifunga breki za ndege.

Sasa sikiliza hii. Huyo wa 80 akipunguza tu awe 70, anasimama kwenye mita kama 43. Kaokoa mita 10 bila kununua chochote. Na pale pale ambapo gari la 70 limeshasimama kabisa, gari la 80 bado linapita kwa kasi ya kilomita 45 kwa saa. Tofauti ni kati ya mtoto aliyeshtuka na mtoto aliyegongwa kwa kilomita 45.

Ile sekunde 1 nayo niliyompa dereva ni ya mtu aliye makini. Akiwa anajibu meseji, au katoka kupiga bia mbili tatu, au kaendesha usiku kucha kutoka Dar kuja kula Krismasi nyumbani, siyo sekunde 1 tena. Breki haijaanza kazi kabla mguu haujafika. Hakuna kalipa inayomwamsha dereva aliyesinzia.

Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukiongezeka asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo inaongezeka asilimia 4. Na hapa ndo ninapoziogopa zile breki nyekundu. Mtu akishalipa hela nyingi ili gari “lisimame vizuri”, anataka kuona faida yake. Ataionaje akiwa kwenye 50? Ataenda 90 ili azijaribu. Na atazijaribu na nyie mkiwa ndani.

SEHEMU YA 4: “Lakini Nesi, mteremko?”

Kaka mmoja kaniandikia kwa heshima kabisa: “Nesi, huendeshi magari ya spidi. Breki kubwa kazi yake ni joto. Ukishuka Nyangoye na mzigo, breki ndogo zinachemka.”

Kaka, hapo uko sahihi, na sitakuonea. Breki inageuza mwendo kuwa joto. Diski kubwa inabeba joto jingi na inapoa vizuri zaidi. Ukikanyaga breki kali mara nyingi mfululizo, breki ndogo zinapata moto na nguvu inapungua. Ndo maana magari ya mashindano yana breki kubwa. Ndo maana Subaru Impreza WRX STI zilikuja na kalipa za dhahabu za Brembo, kampuni ya Italia.

Lakini tuulizane. Safari Rally ilianza mwaka 1953, magari yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Imerudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha. Wale madereva wana mikanda inayowabana mabega yote mawili, wana kofia ngumu, wana vyuma vya kuzuia paa lisibonyee, na mafundi wao wanawasubiri na spea mpya. Siti ya nyuma hakuna mtoto aliyelala na chupa ya maziwa. Umechukua kitu kimoja katika kumi wanavyotumia, na ndo kile kinachoonekana kwa nje. Hivyo tisa je?

Na mteremko una dawa ya bure: gia. Unaposhuka kutoka Rwamishenye kuja mjini, weka gia ndogo KABLA ya mteremko. Kama ni otomatiki, shusha kwenye 2 au L. Injini inalishika gari, breki zinapumzika. Anayeshuka kwenye D mguu ukiwa juu ya breki kuanzia juu hadi chini, atachemsha breki yoyote ile.

Tena kuna kitu kinachemka kabla ya diski: mafuta ya breki. Yale mafuta yananyonya unyevu wa hewani taratibu, hata gari likiwa limepaki. Na sisi tumekaa pembeni ya ziwa, unyevu ndo maisha yetu. Mafuta ya kiwango cha DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Unakanyaga, pedeli inazama hadi chini, gari linaendelea. Hapo ndo watu wanasema “breki zimefeli ghafla”. Mara nyingi siyo ghafla. Yale mafuta hayajabadilishwa tangu gari lishuke melini.

Dawa yake: badilisha kila baada ya miaka 2 hivi. Ni kazi ya fundi ya muda mfupi, bei yake huwezi kuilinganisha na seti ya kalipa. Fungua boneti uangalie kikopo cha mafuta ya breki: mapya ni meupe au ya njano nyepesi. Ukiona rangi ya chai ya rangi iliyokolea, umeshapata jibu.

SEHEMU YA 5: Breki kubwa za nani, na zimefungwaje?

Tuseme baba kakataa kusikia, anafunga tu. Mama, muulize haya:

*Zimetoka wapi?* Nyingi ni za mtumba, zimetolewa kwenye gari ambalo mara nyingine lenyewe lilikatwa baada ya ajali. Ndani ya kalipa kuna mipira ya kuzuia mafuta yasivuje. Ikiwa imekauka, kalipa inavuja au inaganda. Rangi mpya ya dhahabu haiambii chochote kuhusu mpira wa ndani. Na zipo zingine jamani ni KAVA la plastiki tu linalobandikwa juu ya breki zile zile za zamani. Mtu anapita mtaani kwa mikogo na plastiki.

*Gari lote limelinganishwa?* Waliotengeneza gari walipima breki za mbele na za nyuma zifanye kazi pamoja, na pampu yake ya pale juu. Ukifunga kubwa mbele tu, bila kugusa vingine, mlingano unabadilika. Pedeli inaweza kuwa laini na ndefu. Gari linaweza hata kuchukua umbali MREFU zaidi kuliko mwanzo. Umelipia kurudi nyuma.

*Rimu zinaingia?* Kalipa kubwa mara nyingi inagoma kwenye rimu ndogo. Kwa hiyo zinafuata rimu kubwa, halafu matairi membamba ya ubavu mfupi. Uyapitishe kwenye mashimo yetu ya barabara za ndani uone yatadumu siku ngapi. Hela ya kikoba ilikuwa ya breki, sasa inalipa rimu.

*Na pedi?* Pedi feki kwenye kalipa ya milioni ni sawa na dozi feki kwenye sindano safi.

Kuna kundi moja nawakubalia: yule aliyebadilisha injini, kaweka yenye turbo na nguvu mara mbili, kwenye gari lililotoka na breki ndogo. Huyo ni lazima aongeze breki, tena kwa fundi anayejua. Ila tusimwite amenunua usalama. Amelipa deni alilokopa mwenyewe alipobadilisha injini.

SEHEMU YA 6: Mtoto yuko wapi wakati haya yote yanaendelea?

Hii ndo sehemu iliyonifanya niandike. Somo taratibu.

Naona magari hapa mjini yenye rimu za kung'aa, muziki mzito, kalipa nyekundu. Siti ya mbele kakaa mama, kampakata mtoto. Au mtoto kasimama katikati ya siti mbili anaangalia mbele. Mawe waitu! Baba kalipia kila kitu kwenye gari isipokuwa mahali pa mtoto kukaa.

Mama, mikono yako inampenda, lakini haimshiki. Gari likigonga kwa kilomita 50, likasimama ndani ya nusu mita kwa kubonyea bodi, mtoto wa kilo 8 anavuta mikono yako kama mzigo wa kilo 160. Ni gunia la mahindi la kilo 100 na zaidi ya nusu yake. Hakuna mama anayelishika. Kugonga kwa kilomita 50 ni kama kumwachia aanguke kutoka urefu wa mita 10, juu ya nyumba ya ghorofa tatu. Ungempakata dirishani hapo?

Na ukiwa hujafunga mkanda, mwili wako wewe ndo unaombana mtoto kwenye dashibodi.

Majeruhi wakiletwa, akina mama wengi hawaulizi kuhusu mguu wao. Wanauliza mtoto yuko wapi. Hilo ndo swali ambalo sisi manesi hatulizoei, hata ukiwa na miaka mingi kazini. Na hakuna aliyewahi kunijibu kwa kuniambia kalipa zilikuwa rangi gani.

Kinachosaidia kinajulikana. Mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa waliokaa mbele hadi nusu. Kiti cha mtoto cha gari kinapunguza vifo vya watoto kwa kiwango kikubwa zaidi, hadi asilimia 60 kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Breki nyekundu haijawahi kuandikiwa takwimu hiyo.

Fanya hivi:

Mtoto mchanga: kiti kinachotazama NYUMA, kifungwe siti ya nyuma. Kamwe usikiweke mbele penye eabegi, ule mfuko wa hewa wa dashibodi. Unafyatuka kwa nguvu ya kuua mtoto mchanga.

Mtoto mkubwa kidogo: kiti chake au kile cha kumnyanyua, hadi afike urefu wa sentimita 135 hadi 150 hivi, mkanda umkae begani na nyongani, siyo shingoni na tumboni.

Kiti cha mtumba: uliza kama kimewahi kupata ajali. Kama muuzaji anababaika, kiache.

Kama leo hela ya kiti haijapatikana: kaa NYUMA na mtoto, wewe funga mkanda wako peke yako. Usiupitishe mkanda mmoja juu yenu wawili, utamkata. Usimbebe mgongoni ndani ya gari, mfungue kwanza. Hii siyo salama, ni nafuu tu wakati mnajichanga.

Mama mjamzito: mkanda wa chini upite CHINI ya tumbo, kwenye nyonga, wa juu upite katikati ya matiti na pembeni ya tumbo. Usiuache kwa kuogopa kumbana mtoto.

Na kesho asubuhi, nyanyua lile kava la siti ya nyuma. Magari mengi yaliyotoka Japani yana mikanda mizima nyuma, tumeifukia wenyewe chini ya kava la maua. Ifukue.

SEHEMU YA 7: Foleni ya hela

Siwaambii mgombane na waume zenu. Mwambie kwa upole, “Baba nanihii, umesema ni kwa ajili ya watoto, na mimi nimekubali. Tuanze na hii foleni.”

1. Mikanda yote ya gari ifanye kazi, mbele na nyuma. Karibu bure.
2. Mwendo. Sheria yetu inasema 50 kwenye makazi ya watu. Bure kabisa.
3. Mafuta ya breki yabadilishwe.
4. Pedi halisi na diski zikaguliwe, na taa ya ABS ikiwaka isizibwe kwa karatasi nyeusi. Itafutiwe ugonjwa wake.
5. Kiti cha mtoto.
6. Matairi manne mazuri, yenye umri unaojulikana, na upepo sahihi.
7. Gari likishakuwa na haya yote, na ada ya shule imelipwa, na bima ya afya ipo, na bado hela imebaki: afunge hizo breki nyekundu. Nitampigia makofi mwenyewe.

Nendeni mkaulize bei ya seti ya breki kubwa, na rimu zake, na ufundi wake. Halafu pigeni hesabu ya namba 1 hadi 6. Msiniamini mimi, aminini risiti.

Mtu akisema breki kubwa ni kwa ajili ya familia, mwambie afungue mlango wa nyuma. Mtoto kafungwa wapi? Kama hakuna jibu, basi hiyo hela ilikuwa ya wapita njia, wageuze shingo gari likipita. Familia haijaingia bado kwenye bajeti.

Mtumie wifi yako aliyeolewa na mtu wa Subaru. Mtumie na mwenye Subaru mwenyewe, akasirike, halafu akaangalie tarakimu nne za tairi lake.

Usiku mwema. Kesho narudi kwenye uji.